Fundi friji aliyekitoa chuma mafichoni

Saa moja na robo asubuhi, viti vya maabara bado havijapata wa kuvikalia, mwanamke mmoja mwenye koti jeupe lililotiwa viraka kwenye viwiko anashuka ngazi kumi na nne kwenda chumba cha chini. Mlangoni anavua saa na pete. Anakung'uta mifuko, anatoa funguo na kalamu ya chuma, na kuviweka vyote kwenye bakuli la plastiki.

"Sumaku hii ikiwashwa haina adabu," anasema huku akicheka. "Iliwahi kumnyang'anya mkaguzi mmoja funguo za gari. Tulizibandua watu wawili, miguu tumeitia ukutani."

Anavaa glavu nene zinazofika kiwikoni na kuinamisha chombo cha chuma chenye tumbo kubwa na shingo nyembamba. Kinachotoka ni nitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, digrii 196 chini ya sifuri. Moshi mweupe unamwagika mezani, unatambaa sakafuni, unapotea miguuni pake.

Kisha anachukua mrija wa kioo, mwembamba kama utumbo wa kalamu. Ndani yake kuna maji matupu, yaliyochujwa mara mbili. Anauchovya kwenye nitrojeni, maji yanaganda papo hapo, naye anauteremsha katikati ya sumaku mbili za duara, kila moja nene kama gurudumu la lori. Anabonyeza kitufe. Kwenye skrini mstari wa kijani unaanza kutambaa kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Dakika nne. Mstari umenyooka mwanzo hadi mwisho. Fundi anafungua daftari na kuandika maneno mawili: *Sifuri safi.*

"Sasa siku imeanza," anasema.

Huyu si daktari wa falsafa. Hana hata shahada ya kwanza. Ni fundi friji mwenye umri wa miaka hamsini na sita aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na ndiye anayeendesha mashine ambayo wanasayansi wa vyuo vinne hupanga foleni kuitumia. Wanafunzi humwita Shangazi Sifuri. Jina hilo lina kisa chake, na kisa hicho hakikuanza kwa furaha.

Spana kabla ya vitabu

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza friji na mitambo ya ubaridi nyuma ya nyumba. Baada ya baba kufariki, mama alibaki na mabinti wawili. Mkubwa alipelekwa kwa fundi cherehani. Mdogo, ambaye kila redio iliyoingia nyumbani aliifungua na kuirudisha ikiwa na skrubu mbili za ziada, alipelekwa kwa mjomba.

"Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi," anakumbuka. "Alinipa spana, akaniambia, 'Mwanangu, gesi haionekani, lakini haidanganyi. Ikivuja, inavuja. Wewe tafuta inapovujia.' Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitatu."

Wateja hawakumzoea upesi. Wapo waliofungua mlango, wakamtazama juu mpaka chini, kisha wakachungulia nyuma yake kumtafuta fundi mwenyewe.

"Mimi nilikuwa naingia tu," anasema. "Nikishapiga magoti mbele ya friji, mtu ananiona mgongo. Mgongo wa fundi ni mgongo wa fundi."

Miaka kumi na tisa iliyopita aliitwa chuoni kutengeneza friji ya kuhifadhia sampuli iliyokuwa imegoma. Aliifufua kwa saa tatu. Profesa wa maabara, mzee mrefu mwenye kawaida ya kusimama akiwa ameshika kidevu, akamuuliza kama anaweza kurudi kesho kutazama pampu. Kesho yake akamuuliza kuhusu kiyoyozi. Wiki ya tatu akamwonyesha sumaku.

Kuanzia hapo aliajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Ukaisha, akapewa mwingine wa miezi mitatu. Mkataba huo ulifanywa upya mara ishirini na saba.

"Mara ishirini na saba nimeaga watu hapa," anasema. "Nilikuwa kama mgeni anayesema naondoka, halafu anaendelea kukaa." Baadaye ikawa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka alikunja koti lake na kulitia kwenye begi akisubiri barua.

Wanaosikika ni waseja

Ukimuuliza mashine hii inafanya nini, hakimbilii maneno makubwa. Anaanza na friji.

"Friji unaweza kuipaka rangi yoyote uipendayo, lakini moyo wake ni kompresa," anasema. "Kimeng'enya nacho ni hivyo hivyo. Ni protini, imejikunjakunja, lakini vingi moyoni vina chembe ya metali. Labda chuma, labda shaba. Ukiiondoa hiyo chembe, kimeng'enya kinakaa tu, hakisagi, hakivunji, hakijengi."

Vimeng'enya ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya kila kiumbe, kuanzia bakteria wa kwenye tope hadi binadamu. Wanasayansi hutaka kujua ni metali gani imo ndani, na imeshikwa na nini. Macho hayawezi kuiona, na darubini ya kawaida haiifikii. Kwa hiyo huweka sampuli kati ya sumaku na kuipigia mawimbi, ndugu wa yale ya oveni ya kupashia chakula, kisha wakasikiliza majibu.

Anayejibu ni elektroni, chembe ndogo sana inayozunguka ndani ya metali. Ila si kila elektroni hujibu. Nyingi zimekaa mbili mbili, na zikiwa mbili hunyamazishana.

"Zile mbili mbili ndizo zilizooana," Fundi anaeleza huku akijikaza asicheke. "Zimetulia nyumbani, huzisikii. Tunayemsikia sisi ni mseja. Mseja ndiye mwenye kelele."

Kila metali ina mwandiko wake kwenye skrini. Shaba huchora vilima vinne. Manganizi huchora sita. Chuma kina miandiko mingi, na mingine haisomeki mpaka ubaridi uwe mkali kupita ule wa nitrojeni.

Miaka yote hiyo Fundi alijifunza kwa kutazama. Aliandika, akachora vilima kwenye daftari, akauliza maswali mpaka wanafunzi wakazoea kumwona amesimama nyuma yao na kikombe cha chai. Ilipofika mwaka wa nane, wao ndio walikuwa wakimuuliza yeye.

Furaha ya vilima vinne

Miaka mitatu iliyopita, mtafiti mmoja wa shahada ya uzamivu, kijana wa miaka thelathini na mbili na baba wa watoto wawili, alileta kimeng'enya kipya. Alikuwa amekitoa kwa bakteria wanaoishi kwenye tope la mtaro wa kiwanda cha nguo, mahali ambapo maji hugeuka mekundu leo na zambarau kesho. Bakteria wale walikuwa wakila rangi. Maji ya mtaro wakiachiwa siku kumi yalianza kurudi kuwa maji.

Kama wangejua kimeng'enya kile kinafanyaje kazi, huenda siku moja maji machafu ya viwanda yangesafishwa kwa njia rahisi. Mtafiti alikitafuta miaka mitatu, akakisafisha tone kwa tone. Walipokiweka kwenye sumaku, vikatokea vilima vinne, virefu na vizuri. Shaba.

"Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja," anakumbuka Mtafiti. "Nilimpigia simu mke wangu nikamwambia, mama, tumefika."

Profesa naye, ambaye si mtu wa kuonyesha meno, alitabasamu. Akaanza kuandaa mada ya mkutano wa kimataifa. Ufadhili wa Mtafiti ulikuwa umebakiza miezi kumi na moja, na sasa ilionekana ingetosha na kubaki.

Fundi alishangilia na wenzake. Lakini jioni ile, akiosha mirija, aliuinua ule uliokuwa na kimeng'enya na kuutazama mbele ya taa. Kilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama chai iliyotiwa maji mengi.

"Nimekaa na mabomba ya shaba tangu msichana," anasema. "Shaba ikiharibika inaota kijani au bluu. Ile rangi haikuwa ya shaba. Ilikuwa rangi ya kutu. Nikajiambia, labda ni uchafu tu, wewe nani? Wenye shahada wamesema shaba. Lakini usingizi haukuja."

Kesho yake aliwahi kufika. Alichukua mrija, akatia maji ya maabara peke yake bila kimeng'enya, akauweka kwenye sumaku.

Vilima vinne vikasimama kwenye skrini.

Alirudia kwa mrija mwingine. Vinne. Akaosha mrija wa tatu kwa asidi, akarudia. Vinne tena, vimejipanga kama askari. Shaba haikuwa ya bakteria. Ilikuwa ndani ya maji waliyoyatumia kila siku kuchanganyia dawa zao.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alifuata maji kama mjomba alivyomfundisha kufuata gesi: kutoka kwenye chupa hadi kwenye bomba, kutoka kwenye bomba hadi kwenye mtambo wa kukenekea maji, unaoyachemsha na kukusanya mvuke wake, uliokuwa nyuma ya kabati. Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na bomba lililojikunja kama jongoo. Bomba la shaba, limeliwa, limeota ukoko wa kijani.

Alilijua. Alijua hata ile alama ya kulehemu kwenye kona, kwa sababu ilikuwa ya mkono wake mwenyewe.

Miaka minane kabla ya hapo mtambo ule ulikuwa umepasuka bomba lake la kioo. Kioo kipya kilikuwa kikisubiriwa kutoka mbali. Fundi, kwa kutaka kazi isisimame, alikata kipande cha bomba la friji na kukifunga pale kwa muda. Mtambo ukatoa maji, watu wakashukuru, na la muda likawa la kudumu.

"Nilikaa chini pale pale," anasema. "Nyuma ya kabati."

"Ni mimi, Profesa"

Usiku ule nyumbani alimweleza dada yake. Wanaishi pamoja tangu dada alipofiwa na mume. Yeye ni mshonaji, na chumba cha mbele ndicho duka lake. Alimsikiliza huku akipiga pindo la suruali.

"Mkataba wako unaisha lini?" dada aliuliza.

"Mwezi ujao."

"Na hilo bomba, mwingine amelijua?"

"Hapana."

Dada aliondoa mguu kwenye kikanyagio. "Mdogo wangu, unaweza kulibadilisha kesho asubuhi, ukalitupa, ukasema tu maji yalichafuka."

"Naweza."

"Lakini hutafanya."

"Watoto wa watu wameandika vitabu kwa maji yale, dada."

Dada alirudisha mguu kwenye kikanyagio. "Basi vaa lile gauni la bluu," alisema. "Mtu akienda kufukuzwa, aende amependeza."

Alilivaa. Saa mbili asubuhi alisimama mbele ya Profesa na Mtafiti, akaweka mezani karatasi tatu zenye vilima, na pembeni yake kipande cha bomba lenye ukoko wa kijani.

Mtafiti ndiye aliyeelewa kwanza. Alizishika karatasi, akaziachia. "Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "umeniua."

Profesa aligeuza lile bomba mkononi. "Nani alilifunga hili?"

"Ni mimi, Profesa. Miaka minane sasa."

Mtafiti alitoka bila kufunga mlango. Profesa alishika kidevu, akatazama dirishani.

"Miaka arobaini nimefanya kazi hii," Profesa alisema hatimaye. "Nimeletewa lawama za mtambo, lawama za umeme, lawama za hali ya hewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea lawama yake mwenyewe kwenye karatasi, tena na ushahidi." Akavuta kiti. "Kaa chini. Tuhesabu madhara."

Madhara yalikuwepo. Walipima upya sampuli kumi na moja za zamani. Nyingi matokeo yake hayakubadilika, lakini makala moja iliyokwisha kuchapishwa ilibidi isahihishwe, na Profesa aliandika barua ya masahihisho kwa jina lake. Mada ya mkutano aliifuta.

Bomba la kioo likafungwa. Tangu siku hiyo hakuna sampuli iliyoingia kwenye sumaku kabla ya mrija wa maji matupu kupimwa na mstari ukanyooka. Mwanafunzi akija mbio na sampuli yake, Fundi humnyooshea kidole: "Sifuri kwanza." Ndipo jina lilipozaliwa. Mwanzoni lilisemwa kwa kejeli, nyuma ya mgongo. Yeye alilipokea kama mtu anayepokea mzigo uliomwangukia, akaubeba, na siku hizi haitikii jina lingine upesi kama hilo.

Mtambo wa stoo

Maji yalipokuwa safi, Mtafiti alikitengeneza kimeng'enya chake upya. Ilimchukua wiki saba, na katika wiki hizo alimsalimia Fundi kwa kutikisa kichwa tu. Wakakiweka kwenye sumaku. Mstari ukanyooka. Hakuna shaba, hakuna kitu.

"Hapo ndipo nilipomwona kijana wa watu amezeeka," Fundi anasema. "Alikaa ameshika mrija kama aliyeshika barua ya msiba."

Fundi alimwambia kuhusu ile rangi ya kutu. Mtafiti akanyanyua kichwa. Profesa, aliposikia, aliguna. Kuna vimeng'enya, alieleza, ambavyo chuma chake kimefungamana na salfa, na mwandiko wake hauonekani kwenye ubaridi wa nitrojeni. Unahitaji kushuka hadi digrii 260 chini ya sifuri, au zaidi. Kwa ubaridi huo huhitajika heliamu iliyogeuzwa maji, na heliamu hiyo ilikuwa haijafika katika maabara ile kwa miaka minne.

"Basi imekwisha," alisema Mtafiti.

"Stoo kuna mtambo," alisema Fundi.

Wote walijua kuna mtambo. Ulikuwa umefika miaka tisa nyuma kama msaada, ukafanya kazi wiki mbili, ukafa. Ulikuwa wa kuzungusha gesi ya heliamu ndani yake bila kuipoteza, ikibanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa. Waliotakiwa kuutengeneza walikuwa mbali na hawakujibu barua. Ukawa meza ya kuwekea maboksi.

"Kompresa, koili, gesi inayozunguka," Fundi anahesabu kwa vidole. "Niambie hiyo si friji! Ni friji iliyosoma sana, lakini ni friji."

Alipewa ruhusa, na mkataba wa mwaka mmoja.

Miezi mitano aliitumia chini ya mtambo ule. Aliufungua wote na kuzipanga nati kwenye trei za mayai, kila shimo na namba yake. Alikuta mafuta ya kompresa yamepenya na kuloweka kichujio cha mkaa. Akakijaza mkaa mpya. Alikuta kiungo kinavuja kidogo mno, hata povu la sabuni lilitoa kipovu kimoja kwa dakika tatu, akakifunga upya. Akauwasha.

Ukashuka hadi digrii 212 chini ya sifuri na kukwama. Akazima, akafungua, akarudia. Ukakwama pale pale. Mara ya tatu, pale pale.

Mtafiti, aliyekuwa sasa anashuka kila siku kumshikia tochi, ndiye aliyesema neno la kukata tamaa. "Shangazi, labda umechoka nao."

"Aliyechoka ni nani?" alimjibu. "Sikiliza."

Akamshika mkono na kuuweka juu ya kichwa cha mtambo. Ulikuwa ukigonga: tak, tak, tak, halafu kishindo kimoja kizito, kama cha mtu anayejikwaa. Fundi alikuwa amewahi kukisikia kishindo kama kile katika friji za nyama za mjomba, pale unyevu unapoganda ndani ya bomba jembamba na kuziba njia ya gesi. Kwenye ubaridi huu hata hewa ya kawaida huganda. Chembe ndogo ya hewa iliyobaki ndani ingetosha.

Alitoa gesi yote, akavuta kwa pampu, akajaza heliamu safi, akatoa tena. Mtu mwingine angefanya mara tatu. Yeye alifanya mara kumi na tano, siku mbili nzima.

Asubuhi ya siku ya tatu wakauwasha. Namba zikaanza kushuka. Zilipofika 212 Mtafiti alifumba macho. Alipofumbua zilikuwa 219. Profesa alishuka ngazi bila fimbo yake. Saa nne na dakika ishirini mtambo ulisoma digrii 263 chini ya sifuri, ukatulia.

Mtafiti alinyoosha mkono kuchukua sampuli yake. Akasita. Akaurudisha mkono, akachukua mrija wa maji matupu.

"Sifuri kwanza," alisema, "si ndiyo, Shangazi?"

Mstari ulinyooka. Ndipo wakateremsha kimeng'enya, kilichokwisha kutiwa dawa ya kukiongezea elektroni ili chuma, kama kipo, kipate kusema. Mstari wa kijani ulitambaa sawasawa robo ya kwanza, ukatambaa sawasawa robo ya pili. Kisha ukapanda, ukaporomoka, ukaacha bonde refu na kilima kidogo pembeni.

Profesa alisogeza miwani. "Chuma," alisema. "Chuma na salfa."

Mtafiti aliketi sakafuni, akaweka kichwa magotini, mabega yakitikisika. Fundi alivua glavu moja na kumwekea mkono mgongoni.

Miezi miwili baadaye maabara ya chuo kingine, iliyopelekewa sampuli kuhesabu metali moja moja, ilijibu: chuma kimo, tena cha kutosha, shaba haimo.

Jina la tatu

Makala ilipotoka ilikuwa na majina manne ya waandishi. La tatu lilikuwa la Fundi, kwa ukamilifu, jina lake na la baba yake. Hakuna aliyemwambia. Aliliona akipitisha macho kwenye karatasi iliyoachwa juu ya meza yake.

"Nililisoma kama mtu anayesoma jina la jirani," anasema. "Halafu nikalisoma tena. Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mitano. Sikufikiri jina lake litafika mahali kama pale."

Aliipeleka nyumbani. Dada hakuelewa hata mstari mmoja, lakini aliitia kwenye fremu na kuitundika dukani katikati ya picha za mitindo ya nguo. Anasema mteja mmoja aliitazama ile grafu kwa makini, kisha akauliza ile shingo ya nguo inashonwa kwa siku ngapi.

Mtafiti sasa ni Dokta, anafundisha ghorofa ya pili. Juu ya dawati lake kuna kipande cha bomba la shaba chenye ukoko wa kijani. Alikiomba mwenyewe.

"Nilimwambia ameniua," anasema. "Ukweli ni kwamba kama angenyamaza, ningesimama mbele ya dunia nzima na kuwasifia bomba letu la maji. Miaka mitano mbele mtu mwingine angeligundua. Hapo ndipo ningekufa kweli."

Miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka hamsini na minne, Fundi alipata ajira ya kudumu. Mshahara uliongezeka karibu nusu. Anasema kilichomfurahisha zaidi ni kwamba mwisho wa mwaka ule hakukunja koti. Aliliacha kwenye msumari wake.

Utafiti wenyewe bado una safari. Nyuma ya kiwanda cha nguo kuna tangi moja la majaribio, ambamo maji ya rangi huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa yamepauka, bado hayajawa safi. Profesa ni mwangalifu. "Kujua moyo wa kimeng'enya ni mwanzo," anasema. "Lakini mwanzo huu ni wa kweli, na nani aliyetufikisha mnamjua."

Darasa la stoo

Amebakiza miaka minne kustaafu. Ametembelea vyuo saba, na katika vitano amekuta mitambo ya ubaridi imefunikwa vitambaa, imekuwa meza za maboksi. Vyuo hivyo vina wanasayansi na havina fundi. Mitaani kuna mafundi friji ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kazi yao inafika huku.

Kwa hiyo ameomba ile stoo. Amepewa. Ameipaka rangi nyeupe na dada yake kwa siku za mapumziko, ameingiza meza sita, na mwezi ujao anaanza mafunzo ya miezi sita kwa mafundi friji wanaotaka kujifunza mitambo ya maabara. Nafasi ni sita. Barua za maombi zimefika arobaini na moja, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya kuchorea mabomba.

"Nataka kila mwenye mtambo uliokufa ajue yupo mtu wa kumwita, tena wa karibu," anasema. "Mimi nikiondoka, sitaki sumaku ile ibaki bubu."

Atawachaguaje? Vyeti atavitazama, anakubali, lakini havitamweleza mengi. Kila mwombaji atakaa mbele yake kwa dakika kumi, na swali atakalomuuliza ni moja.

"Nitamwambia, nieleze kazi uliyoiharibu mwenyewe," anasema, akiziweka sawa barua kwa viganja viwili. "Halafu uniambie ulikwenda kumwambia nani."